Kubali Zote Mbili

Jumatatu, 4 Mei

Siku kubwa! Bosi ametangaza kwamba Jumatatu ijayo atachagua mkuu wa waandishi wa programu. Cheo si kitu. Kitu ni chumba kinachoandamana nacho, kile cha mwisho wa korido, alichokuwa akikaa mhasibu kabla hajahamia ghorofa ya chini. Kina mlango. Mlango una kitasa. Ukifunga, umefunga.

Mimi nakaa kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Kila mwenye kiu ana ushauri. Leo fundi aliyekuja kubadilisha taa amekunywa glasi nzima akiwa amesimama mgongoni kwangu, kisha akasema mstari wangu wa juu una kasoro. Hauna! Niliukagua mara mbili baada ya yeye kuondoka.

Wanaotajwa ni wawili: mimi na Shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu, na ni mimi niliyempigia debe apate kazi hapa. Shukrani yake ni kunizidi. Tunatengeneza programu ya kliniki ya macho, inayowapangia wagonjwa zamu na kuwatumia ujumbe wa simu. Msimbo wote, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, tunauweka kwenye ghala moja la pamoja, na mlinzi wa ghala ni Git, anayekumbuka nani kabadilisha nini na lini. Shemeji huongea na Git kupitia dirisha jeusi, akiandika amri herufi kwa herufi huku amekunja uso. Watu wakipita wanadhani anafanya jambo zito.

Lakini mimi nimegundua kitu. Kihariri changu, yaani programu hii hii ninayoandikia msimbo, kina vitufe vya amri zote za Git. Zote! Sina haja ya kutoka humo hata hatua moja. Wiki hii Bosi atashuhudia mtu anayeendesha mambo yote kutoka sehemu moja, bila kukunja uso. Huyo ndiye mkuu.

Kasoro ndogo. Ukikomiti, yaani ukiiambia Git ishike badiliko lako na jina lako juu yake, inadai maelezo mafupi. Kisanduku chake kiko jirani mno na kile ninachochatia na mke wangu. Kwa hiyo badiliko langu la leo limeingia ghalani na maelezo haya: "Mwambie mama aniachie mapaja mawili." Dada Mkaguzi, ambaye kazi yake ni kuijaribu programu kabla haijaenda kliniki, akauliza mbele ya ofisi nzima mapaja yako sehemu gani ya programu. Mke wangu naye alipokea "Nimerekebisha kichwa cha ukurasa." Kufika nyumbani, kuku kaliwa.

Jumanne, 5 Mei

Mama mkwe yuko kwetu tangu atolewe mtoto wa jicho. Ijumaa ana zamu kliniki apimwe miwani. Asubuhi nimemwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza, "Baba, hujapata bado kazi ya kukufanya usimame?" Mwanawe naye anakaa siku nzima kama mimi. Yeye haulizwi.

Ofisini, ugunduzi wa pili! Kihariri kina amri inayoitwa lawama. Ukiibonyeza, pembeni mwa kila mstari wa msimbo inatokea safu ya majina: nani aliugusa mstari huu mara ya mwisho. Sijui ni nani aliyeipa jina hilo. Mimi ningeiita amri ya sifa.

Nikaiwasha. Shemeji, Shemeji, Shemeji, Bosi (wa zamani zile alipokuwa anaandika mwenyewe), Shemeji, Shemeji. Mimi nilionekana chini kabisa, kwenye mstari unaosema "Asante." Nilijisikia vibaya, sitaficha. Miaka yote hii!

Ubaya ni kwamba Bosi naye ameipenda safu hiyo. Alikuja kunywa maji, akaiona kwenye skrini yangu, akasema kumbe mtu unaweza kujua mchango wa kila mmoja kwa kutupa jicho tu. Akalitupa jicho. Nikasogeza ukurasa haraka hadi kwenye "Asante," lakini alikuwa ameshaondoka.

Nimewaza hadi chakula cha mchana kikapoa. Nani aliugusa mara ya MWISHO. Haisemi aliyeuandika. Haisemi aliyeumiza kichwa. Mpango umeiva.

Jumatano, 6 Mei

Nimeutekeleza. Ni kazi safi, hata kama ninajisifu mwenyewe.

Kila mstari wa msimbo huanza na nafasi tupu pembeni. Shemeji huacha nafasi nne. Nani alisema nne? Mbili zinatosha kwa mtu yeyote mwenye adabu. Nikachagua mafaili yote ya ghala, nikabonyeza kitufe cha kupanga upya, yakajipanga. Kisha nikabonyeza "Weka yote." Kisha "Komiti." Kisha "Sukuma," nalo badiliko likaenda ghalani kwa wote. Maelezo niliandika "Usafi wa jumla," na safari hii nilihakikisha kisanduku.

Nikawasha lawama. Mimi, mimi, mimi, mimi! Nilisogeza ukurasa hadi chini na kurudi hadi juu. Nilifungua faili la ripoti, ambalo sijawahi kulisoma maishani. Mimi. Nilifungua faili la picha za macho. Mimi. Niliegemea kiti nikakaa hivyo kwa muda, moyo umetulia tuli.

Shemeji akarudi kutoka kliniki. Yeye wiki hii alikuwa kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ambayo mtu huifanyia kazi bila kusumbua wengine. Alikuwa anashughulikia sehemu ya saa. Kompyuta ina saa yake: kliniki ikifunguliwa asubuhi, yenyewe inasema nane. Binadamu anasema mbili. Kwa hiyo programu hutoa sita kabla ya kumwandikia mgonjwa. Mstari wa kutoa sita ulikuwa mahali pabaya, Shemeji akaufuta hapo na kuuandika upya mahali pazuri zaidi. Siku zote hizo kwa kuhamisha mstari mmoja! Angekuwa anatumia kihariri changu angemaliza zamani.

Alipojaribu kuunganisha tawi lake na ghala, Git ikakataa. Mgongano kwenye faili la kwanza. La pili pia. Yote! Kila mstari ulikuwa na sura mbili, yake na yangu, na Git ikataka mtu aamue. Akageuza kiti polepole. Alisema, "Shemeji yangu, umefanya nini humu?" Nikamjibu kwamba nimefagia. Akauliza kama najua maana ya kufagia nyumba wakati mwenzako anapaka rangi. Nikamwambia ndiyo maana nyumba nyingine huwa chafu.

Bosi alisikia. Akaamua: aliyefagia ndiye atakayeunganisha. Shemeji akaniangalia kwa huruma. Huruma! Hajui kwamba kihariri kina vitufe vya hilo pia.

Alhamisi, 7 Mei

Vitufe ni vitatu, na vina rangi nzuri. Juu ya kila mgongano: "Kubali yangu," "Kubali yake," "Kubali zote mbili."

Nilianza kwa uangalifu mkubwa. Nilisoma. Nililinganisha. Kufikia chai nilikuwa nimemaliza mafaili matatu na macho yanawasha, nikaanza kufikiria kwamba mama mkwe atanipisha kliniki.

Nikikubali yangu, Shemeji atasema nimefuta kazi yake, na mke wangu atasikia kabla sijafika nyumbani. Nikikubali yake, nimejifuta mwenyewe. Nikatazama kile kitufe cha tatu. Mimi ni mtu wa amani. Kwa nini mtu achague wakati kuna nafasi ya wote? Kiongozi wa kweli hakatai mchango wa mtu.

Kubali zote mbili. Kubali zote mbili. Kidole kikazoea.

Palipokuwa na mistari inayojirudia hovyo kihariri kilipiga kelele kwa rangi nyekundu, nikaifuta mmoja mmoja mpaka wekundu ukaisha, kisha nikabonyeza tena kupanga upya, nafasi mbili mbili kila mahali. Wekundu ukiisha, kazi imeisha. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana! Bosi alisema "Kumbe!" mara mbili, na yeye si mtu wa kurudia maneno. Shemeji akauliza kama nimepitia kila faili kwa macho yangu. Nikamwambia ndiyo, na ni kweli, yalikuwa wazi muda wote.

Dada Mkaguzi hakuwepo, alikwenda kung'oa jino. Bosi akauliza kama tumsubiri aijaribu programu kwanza. Nikasema jamani, ni nafasi tupu tu! Programu ikaenda kliniki alasiri.

Nikiwa napita kwenda chooni nilisimama mbele ya kile chumba. Nimeshika kitasa. Ni cha baridi, kizito, hakichezi. Meza nitaiweka ielekee dirishani. Mtungi wa maji hautaingia humo hata kwa bahati mbaya.

Jioni simu ya mama mkwe ililia tukiwa mezani. Ujumbe kutoka kliniki. Mke wangu akamsomea: "Tafadhali fika kesho saa nane asubuhi." Mama mkwe akauliza saa nane asubuhi ndiyo saa ngapi. Wote wakanitazama, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Nikasema ni saa nane, lakini mapema. Mama mkwe akasema sawa baba, atakwenda saa nane.

Ijumaa, 8 Mei

Sina hamu.

Asubuhi nzima daktari wa macho alikaa peke yake, akipanga na kupangua miwani. Mchana, ilipogonga saa nane, korido ikajaa. Wagonjwa wa asubuhi wote na wa mchana wote, hao walioandikiwa saa mbili mchana wakaja kwa kukisia, mabenchi hayatoshi, wengine wamefumba jicho moja, wote wameshika simu wakimwonyesha nesi. Nesi akampigia Bosi. Tulimsikia ofisi nzima, na Bosi hakuwa ameweka spika.

Mama mkwe alikuwa humo. Akasimama mpaka miguu ikavimba, daktari akafunga kabla hajamfikia. Kwa hiyo ile kazi ya kumfanya mtu asimame, aliyoniulizia mimi, aliipata yeye.

Bosi akairudisha kliniki kwenye programu ya wiki iliyopita, ujumbe wa kuomba radhi ukatumwa, zamu zikahamishiwa Jumatatu na Jumanne. Kisha akasema anataka kumjua aliyefanya hivi, na kwamba tutaongea kwenye mkutano wa Jumatatu, kabla ya kumtaja mkuu. Hakumtazama mtu. Yaani alitutazama sote sawasawa.

Mimi nilipiga hesabu kwenye kiganja. Nane toa sita, mbili. Mbili toa sita, unarudi nyuma ya saa, unaangukia nane. Programu imetoa sita mara mbili! Na nani alikuwa anashughulikia sehemu ya saa wiki nzima? Nani?

Ndugu yangu, nilikaa wima. Sikumtakia mabaya, ni kaka wa mke wangu. Lakini saa ni yake, kosa ni lake, na mlango ni wangu.

Jumamosi, 9 Mei

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mpango: Jumatatu nitaunganisha kompyuta yangu na ile skrini kubwa ya ukutani. Sitamtaja mtu. Nitasema kwa upole kwamba mimi si mtu wa kunyosheana vidole, tuiachie mashine iseme. Kisha nabonyeza lawama, kutoka ndani ya kihariri, bila kutoka. Jina litajitokeza lenyewe. Mimi nitainamisha kichwa kwa masikitiko.

Mke wangu alinikuta nikiinamisha kichwa. Akauliza nina nini. Nikamweleza juu ya chumba, si juu ya mpango. Nilimweleza kweli kabisa. Nimelala na kaka zangu wanne chumba kimoja, nikaenda bwenini, nikaoa, na sasa sebule ina mama mkwe. Sijawahi hata siku moja kuwa na mlango ambao mtu akitaka kuingia lazima aniombe. Nataka huo tu.

Mke wangu akanishika bega. Akasema anaomba niupate. Halafu akasema kaka yake naye kamwambia simuni anaomba mimi niupate. Shemeji ni mjanja sana.

Jumatatu, 11 Mei

Nimevaa shati jeupe. Ofisi yote ilikaa mbele ya ukuta. Dada Mkaguzi alikuja na shavu limevimba lakini amekuja, hakutaka kukosa.

Nikasema maneno yangu ya upole. Yalitoka vizuri. Nikafungua sehemu ya saa, na kweli, mistari ya kutoa sita ilikuwa miwili, mmoja juu, mmoja chini. Watu wakaguna. Nikasema tuiachie mashine. Nikabonyeza.

Jina langu. Jina langu. Jina langu. Kutoka juu ya ukuta hadi kwenye sakafu. Hata mistari mitupu ilikuwa na jina langu. Nikasogeza ukurasa nikidhani limekwama, likazidi kuja. Nilikuwa nimeisahau kabisa Jumatano! Kichwa nilikuwa nimeshakiinamisha kwa masikitiko, nikakiacha hapo hapo.

Bosi akauliza taratibu kama kweli programu nzima nimeandika mimi. Swali hilo nililingoja wiki nzima, lakini si hivi.

Shemeji akainuka. Nikajua ndio mwisho. Akaleta dirisha lake jeusi, akaandika mstari mmoja, akieleza kwamba lawama inaweza kuambiwa isihesabu nafasi tupu. Majina ya kweli yakarudi. Mstari wa juu wa kutoa sita: Bosi, miaka ile. Mstari wa chini wa kutoa sita: Shemeji, wiki iliyopita. Kila mmoja peke yake ni sahihi. Bosi akajisogeza kwenye kiti. Halafu Dada Mkaguzi, kwa sauti ya mtu mwenye pamba mdomoni, akauliza: sasa nani aliyeiacha yote miwili?

Hakuna aliyehitaji mashine.

Dada Mkaguzi alicheka mpaka akalishika shavu akilia kwa maumivu, na bado anacheka. Bosi alimtaja Shemeji kuwa mkuu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, mikono ilikuwa mizito. Niliumia, basi, niandike hivyo: niliumia.

Shemeji alinifuata kwenye mtungi wa maji. Alisema, "Shemeji, hakuna mtu humu asiyewahi kukubali zote mbili. Wengine tumeona aibu tu kusema." Nilimmiminia maji, akanywa, na ndiye mtu wa kwanza kunywa hapo bila kunipa ushauri.

Jumanne, 12 Mei

Mambo yamegeuka! Niandike haraka.

Mama mkwe kaona daktari jana, kapewa miwani. Asubuhi alinitazama kwa mara ya kwanza akaniona vizuri, akasema, "Kumbe baba una sura ya upole hivi." Nikaanza siku na hilo.

Ofisini Bosi akaniita. Lazima usafi wangu ufutwe, faili kwa faili, kwa mkono, kwa sababu nimechanganya mpaka Git yenyewe haiwezi kurudi nyuma peke yake. Itachukua wiki kadhaa. Nisiguse kingine chochote. Na kwa kuwa hataki mtu anisemeshe wala mimi nimsemeshe mtu mpaka nimalize, na kwa kuwa Shemeji amekataa kukaa mbali na wenzake, basi nihamie kile chumba cha mwisho wa korido.

Nilimwomba arudie. Si mtu wa kurudia maneno, akarudia.

Nimo ndani! Meza inaelekea dirishani. Nimeufunga mlango na kuufungua na kuufunga. Wao wanaita adhabu. Waite. Mkuu wa waandishi wa programu amekaa kando ya mtungi, mimi niko nyuma ya mlango. Tulia ujiulize nani kashinda.

Nimerekebisha mafaili mawili tayari. Kazi inachosha kidogo. Ila katika kutafuta njia ya mkato nimekuta humu ndani ya kihariri amri ambayo sikuwahi kuiona: "Andika upya historia." Fikiria! Kumbe hakuna haja ya kurekebisha faili moja moja. Unaiambia Git kwamba Jumatano haikuwahi kutokea. Inayafuta yote yaliyoingia ghalani tangu siku hiyo, ya watu wote, kwa pamoja. Shemeji na dirisha lake jeusi hawezi kuwa anaijua hii, angeshaniambia. Kazi ya wiki kadhaa, naimaliza kabla ya chai! Bosi atasema "Kumbe!" mara tatu.

Kihariri kinauliza: "Sukuma kwa nguvu? Una hakika?"

Mimi huwa nina hakika. Nimebonyeza.

Kimya kizuri. Nasikia viti vinasogezwa kule ukumbini, labda ni mapumziko. Nasikia Dada Mkaguzi anamwita mtu. Sasa ni miguu kwenye korido, mingi, inakuja huku.

Wanagonga! Wanagonga mlango wangu! Bosi, Shemeji, wote, wanaita jina langu na kugonga. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunigongea.

Ngoja wagonge tena kidogo.